Fidia ya treni kuchelewa: udanganyifu unaingilia wapi

Anayetaka kuelewa udanganyifu wa fidia za treni nchini Uingereza aanze na hesabu moja ndogo: fidia haizidi nauli. Chini ya mpango wa Delay Repay, ambao ulianza kuingizwa katika mikataba ya kampuni za reli mwaka 2007, abiria aliyechelewa kufika kwa dakika 30 hadi 59 hulipwa nusu ya nauli ya safari ile. Akichelewa dakika 60 hadi 119 hulipwa nauli yote ya safari hiyo. Zikitimia dakika 120, mwenye tiketi ya kwenda na kurudi hurudishiwa bei yote ya tiketi, pamoja na ile nusu ya safari ambayo haikuwa na tatizo. Mwaka 2016 serikali ilitangaza ngazi nyingine chini ya hizo, robo ya nauli kwa dakika 15 hadi 29, na kampuni nyingi zimeshaipokea. Sababu ya kuchelewa haiulizwi. Yawe mafuriko, nyaya zilizoibwa au dereva aliyekosekana, fedha hulipwa.

Sasa chukua mtu aliyenunua tiketi ya pauni 40 akadai fidia kwa safari ambayo hakusafiri. Kikubwa atakachopata ni zile pauni 40 zake mwenyewe. Amejisumbua bure, tena amejiweka katika hatari ya kushtakiwa. Faida huanza pale tu tiketi yenyewe inapokuwa haijamgharimu kitu. Ukishalishika hilo, mbinu zote za utapeli huu zinaeleweka, na unaona pia kwa nini kampuni nyingi zinahangaika mahali pasipo na tatizo. Zinamwongezea abiria maswali kwenye fomu, ilhali tundu liko kwenye tiketi.

Njia za kupata tiketi isiyogharimu ni chache. Ya kwanza ni kuirudisha. Tiketi za Anytime (za saa yoyote) na Off-Peak (za nje ya saa za msongamano) ambazo hazijatumika hurudishwa kwa makato ya pauni chache. Mtu hununua tiketi ghali ya masafa marefu, huiambia kampuni ya treni kwamba alisafiri akachelewa saa mbili, kisha humwendea aliyemuuzia tiketi na kusema safari iliahirishwa, hakutoka nyumbani. Muuzaji wa tiketi na mlipaji wa fidia mara nyingi ni kampuni mbili tofauti, kila moja na mfumo wake wa kompyuta, kwa kuwa tiketi ya treni ya kampuni fulani inaweza kuuzwa na tovuti yoyote yenye kibali. Mifumo hiyo isiposemezana, kauli mbili zinazopingana zinalipwa zote. Wengine huongeza mlipaji wa tatu, ambaye ni benki, kwa kuyapinga malipo ya kadi kana kwamba huduma haikutolewa.

Ya pili ni tiketi moja kudaiwa mara nyingi. Tiketi ya karatasi yenye ukanda wa sumaku, ile ndogo ya rangi ya chungwa ambayo bado inatumika, haina jina la abiria. Anayedai huipiga picha na kuituma. Picha hiyo hiyo inaweza kutumwa kwa akaunti ya mume, ya mke na ya rafiki. Tarakimu moja ya namba ya tiketi au ya tarehe inaweza kubadilishwa kwa programu ya kuhariri picha, na tiketi zilizotupwa vituoni zinaweza kuokotwa na kupigwa picha na mtu ambaye hajawahi kupanda treni ile. Tiketi za simu zenye msimbo wa Aztec, ule mraba wa vidoti unaosomwa na mashine, zimepunguza jambo hili sana, maana msimbo mmoja una namba yake ya pekee inayoweza kufungwa ikishadaiwa. Zimepunguza, hazijamaliza, kwa sababu kampuni nyingi bado zinakubali picha ya skrini kama ushahidi.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kwa sababu wanaoitumia hawafanani na matapeli: tiketi ya msimu. Mwenye tiketi ya wiki, mwezi au mwaka ameshalipa. Kila safari ya ziada anayoidai haimgharimu hata senti. Kampuni nyingi hukokotoa thamani ya safari moja kwa kuigawa bei ya tiketi ya wiki kwa 10, ya mwezi kwa 40 na ya mwaka kwa 464. Chukua tiketi ya mwaka ya pauni 4,640. Safari moja ina thamani ya pauni 10. Treni ikichelewa nusu saa, fidia ni pauni 5. Mtu akidai kwa uongo mara mbili tu kwa wiki, katika wiki 46 za kazi atajipatia pauni 460, yaani karibu sehemu ya kumi ya bei ya tiketi yake. Hakuna aliyeghushi kitu hapo. Tiketi ni halali, jina ni lake, akaunti ya benki ni yake, treni aliyoitaja ilichelewa kweli. Uongo ni mmoja tu: yeye alipanda ile ya nusu saa baadaye, iliyofika kwa wakati, au siku hiyo alifanyia kazi nyumbani.

Taarifa za treni zipi zilichelewa ziko wazi kwa kila mtu. Historia ya mwendo wa kila treni huchapishwa, kituo kwa kituo, dakika kwa dakika. Ni haki ziwe hivyo, kwani abiria mkweli anazihitaji kuthibitisha dai lake. Lakini ndizo zinazomwezesha mdanganyifu kuchagua safari baada ya treni kuchelewa, badala ya treni kuchelewa baada ya yeye kuichagua safari. Kufanyia kazi za ofisi nyumbani kulipozidi baada ya janga la korona, pengo kati ya siku zilizolipiwa na siku za kusafiri likapanuka. Tiketi ya Flexi iliyoanza kuuzwa Juni 2021, yenye siku 8 za kusafiri ndani ya siku 28, imeliziba kwa kiasi fulani, kwa kuwa mwenye nayo hulazimika kutumia siku moja katika zile nane. Akidai siku ambayo hakuitumia, rekodi inamuumbua.

Tofauti ya mfumo wa reli na mifumo mingine iko katika kile kikomo cha nauli. Mwaka 2020 polisi wa Nanjing nchini China walitangaza kumkamata mwanamke aliyekuwa akinunua bima za ndege kuchelewa kati ya 2015 na 2019. Alitumia vitambulisho vya ndugu na marafiki zaidi ya 20, akachagua safari zenye historia ya kuchelewa, akafuatilia hali ya hewa, na hakupanda ndege hizo. Ndege ikielekea kuondoka kwa wakati, aliirudisha tiketi kupunguza hasara. Zilitajwa safari takriban 900 na malipo ya karibu yuani milioni 3. Wanasheria wa huko walibishana kama hilo ni kosa la jinai hata kidogo, kwa kuwa ndege zilichelewa kweli na bima ziliuzwa bila sharti kali la kuthibitisha kwamba mtu amepanda. Lililowezesha yote ni kwamba malipo ya bima hayakuwa na uhusiano na bei ya tiketi: bima ndogo, malipo makubwa, zidisha kwa vitambulisho 20. Ungempa mtu huyo mpango wa treni wa Uingereza, angepata hesabu ndogo mno.

Umoja wa Ulaya ni mkali zaidi. Kanuni yake ya haki za abiria wa reli, namba 2021/782, iliyoanza kutumika tarehe 7 Juni 2023, hutoa asilimia 25 ya nauli kuanzia dakika 60 na asilimia 50 kuanzia dakika 120. Basi. Kampuni inaruhusiwa kutolipa kiasi kidogo kisichofikia euro 4, na inaweza kujitetea kwa majanga makubwa yaliyo nje ya uwezo wake. Kishawishi cha kudanganya ni kidogo, lakini na abiria mkweli aliyepoteza saa nzima anaambulia robo. Sioni kwamba hiyo ni bei nzuri ya kulipia amani.

Usafiri wa ndani wa London unafaa kutazamwa kwa sababu nyingine. Abiria wa Tube, treni za chini ya ardhi, hudai anapocheleweshwa dakika 15 au zaidi, na wa njia ya Elizabeth dakika 30, isipokuwa chanzo kiwe nje ya uwezo wa mamlaka. Lakini kadi yake imegusa geti la kuingilia na la kutokea. Mamlaka inajua aliingia saa ngapi, wapi, na akatoka wapi. Akidai safari ambayo hakuifanya, dai linakufa bila mtu kulisoma. Njia ya tatu niliyoieleza hapo juu, ya mwenye tiketi ya msimu kuchagua treni iliyochelewa, inabanwa sana pale ambapo kadi inaacha alama pande zote mbili.

Reli ya taifa haina bahati hiyo. Ina vituo zaidi ya 2,500, na vingi havina geti. Kondakta asipopita, tiketi ya simu inaweza kwenda kilomita 300 bila kuskaniwa hata mara moja. Kwa hiyo idara za kukagua madai hutegemea dalili. Huangalia akaunti kadhaa zinazolipwa katika benki moja, au zinazotumia anwani moja au simu moja. Huangalia tiketi iliyonunuliwa dakika chache baada ya treni kutangazwa kuchelewa. Huangalia mtu mmoja kuwa Leeds na Brighton saa ile ile. Huangalia mwenye tiketi ya msimu ambaye treni zake huchelewa mara nyingi kuliko njia anayosafiria: kama treni moja kati ya 12 za asubuhi huchelewa robo saa na yeye anadai moja kati ya tatu, kuna neno. Na huangalia dai la treni ambayo siku hiyo haikusimama katika kituo kilichotajwa, kosa ambalo hufanywa na anayedai kwa kusoma ratiba bila kuwapo.

Dalili hizi zinafaa kuanzishia uchunguzi, si kutolea hukumu. Kukosa rekodi ya kuskaniwa si ushahidi kwamba mtu hakusafiri. Tiketi kununuliwa wakati treni imeshachelewa ni jambo la kila siku: mtu amefika kituoni akiwa na haraka, treni ya saa 1:14 haijaja, ananunua na kusubiri. Wanaofanya kazi za zamu na kubadilisha treni mara mbili hucheleweshwa mara nyingi kuliko wastani wa njia yoyote, kwani dakika 6 za kwanza zikiwakosesha treni ya kuunganisha, wanafika dakika 35 baadaye, na kinachohesabiwa ni muda wa kufika mwisho wa safari. Rekodi ya treni moja moja haitaonyesha hilo. Mkaguzi asiyejua jiografia ya njia atamwona mtu huyo mwongo.

Madai mengi yasiyo sahihi wala si uongo. Watu wengi hawajui kwamba kuchelewa hupimwa kwa ratiba iliyochapishwa kwa ajili ya siku ile, si ile ya kawaida. Kampuni ikitangaza usiku wa jana ratiba ya dharura ambayo imeiondoa treni yako, hesabu inaanza na treni iliyobaki. Wengine hutaja treni waliyokusudia kupanda badala ya waliyoipanda, kwa sababu fomu huuliza zote mbili kwa maneno yanayofanana. Mwenye tiketi zilizogawanywa katika vipande, yaani safari moja iliyokatiwa tiketi kadhaa, anaruhusiwa kudai kwa jumla ya vipande vyote vya safari moja, lakini mfumo ukimlazimisha kuandika madai matatu, anaonekana ametuma madai matatu ya ucheleweshaji mmoja.

Anayeulizwa na kampuni ajibu kwa vitu: picha ya tiketi yenye msimbo, taarifa ya benki inayoonyesha saa ya kununua, historia ya mahali kwenye simu, ujumbe aliomtumia bosi kwamba treni imekwama. Dai lenyewe linapaswa kutumwa ndani ya siku 28, na kampuni inatakiwa kulijibu ndani ya siku 20 za kazi chini ya kanuni za mdhibiti wa reli zilizoanza mwaka 2022. Likikataliwa, anaweza kukata rufaa kwa kampuni, kisha kwa Rail Ombudsman, msuluhishi aliyeanza kazi Novemba 2018 ambaye hamtozi abiria kitu.

Kuna sababu ya kusisitiza haki ya kujitetea. Mwezi Agosti 2024 Hakimu Mkuu wa mahakama za mwanzo za Uingereza, Paul Goldspring, alibatilisha kesi za mfano zilizohusu abiria walioshtakiwa kwa nauli kupitia utaratibu wa haraka wa hakimu mmoja, utaratibu ambao sheria husika ya reli ya mwaka 1889 haikuuruhusu. Kesi zilizoguswa zilikadiriwa kufikia 74,000. Zile zilikuwa kesi za kutolipa nauli, si za fidia. Lakini zinaonyesha kinachotokea kampuni ikishakuwa mlalamikaji, mpelelezi na mwendesha mashtaka kwa pamoja, na mashtaka yakawa ni fomu ya kujaza.

Upande wa pili wa daftari nao usisahaulike. Utafiti wa Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza wa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 39 tu ya abiria waliostahili fidia ndio walioidai. Zaidi ya nusu waliacha haki yao ipotee, ama hawakujua, ama waliona pauni 3 hazistahili dakika 10 za kujaza fomu. Kila swali jipya linaloongezwa kwenye fomu ili kumzuia mdanganyifu linamfukuza kwanza mkweli mwenye dai dogo. Mdanganyifu ana muda. Kujaza fomu ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo naona dawa ni kuiondoa fomu kila panapowezekana. Kampuni ya Virgin Trains ilianza mwaka 2015 kuwalipa yenyewe, bila kuombwa, abiria walionunua kwenye tovuti yake tiketi za Advance, zile za kununuliwa mapema kwa treni moja maalumu. Mwaka 2016 kampuni nyingine ya treni, c2c, ikaanza kuwalipa wenye kadi zake za kielektroniki pensi 3 kwa kila dakika kuanzia dakika ya pili. Katika utaratibu wa namna hii abiria hasemi chochote, kwa hiyo hana pa kudanganya. Fedha hurudi kwenye kadi ile ile iliyonunua, na akaunti kumi za bandia hazina kazi. Namba ya tiketi hufungwa mara inapolipwa, na muuzaji akiulizwa kuirudisha anaona imeshalipiwa fidia. Njia ya kwanza na ya pili zinazibwa kwa pamoja.

Udhaifu wake ni kwamba mtu aliyenunua Advance na asisafiri naye atalipwa. Nakubali. Lakini rudi kwenye ile hesabu: hawezi kupata zaidi ya alicholipa, na tiketi ya Advance hairudishwi fedha. Kampuni haipotezi zaidi ya nauli ya kiti kilichokwenda kitupu. Kinachobaki kigumu ni tiketi ya msimu katika vituo visivyo na geti. Huko dawa ni vinguzo vya kugusia kadi kwenye majukwaa, na sharti kwamba anayetaka kulipwa moja kwa moja aguse kuingia na kutoka. Asiyegusa abaki na fomu na maswali yake.

Kisheria, dai la uongo ni kosa chini ya kifungu cha 2 cha Sheria ya Udanganyifu ya mwaka 2006, lenye adhabu isiyozidi miaka 10 jela. Kwa madai madogo kampuni mara nyingi hufunga akaunti na kudai fedha zirudishwe. Lakini Watanzania, Wakenya na Wakongomani wanaofanya kazi za uuguzi na utunzaji wa wazee Uingereza wajue kwamba hata onyo rasmi la polisi, bila kufikishwa mahakamani, linaweza kuonekana katika ukaguzi wa rekodi unaofanywa na mwajiri, na huangaliwa katika kipengele cha tabia njema mtu anapoomba uraia. Kuazimana tiketi ili kila mmoja adai, jambo linaloonekana dogo kati ya watu wanaoishi nyumba moja, ni kosa lile lile la kutoa maelezo ya uongo.

Kwa reli zetu, Madaraka Express iliyoanza 2017 na SGR ya Tanzania iliyoanza safari zake 2024, kuna nafasi ya kuanza vizuri siku fidia ya namna hii itakapowekwa. Tiketi ina jina, inahusu treni moja na kiti kimoja, na kitambulisho hukaguliwa kabla ya kupanda. Namba ya simu iliyolipa inajulikana, na fedha zinaweza kurudi huko ndani ya dakika chache bila dai lolote. Tatizo litakaloibuka ni la wakala, au la mtoto anayemkatia mama yake tiketi kwa simu yake: fidia ikirudi kwa aliyelipa, msafiri aliyekaa saa mbili stesheni hapati kitu, na wakala wa tiketi 50 anakuwa na kila sababu ya kunyamaza. Namba ya msafiri iandikwe kwenye tiketi wakati wa kununua, tofauti na namba ya mlipaji, na fidia ilipwe kwa msafiri aliyepita ukaguzi wa getini.